Hotuba ya Baba Ndani ya Bwawa

Jumanne, 5 Machi

Mkwe mwenzangu Toan amekuja leo na sinia ya tambuu na popoo, chai nzuri, na habari mbaya. Harusi ya binti yangu Diem na mwanawe ni tarehe 24. Watu mia mbili. Uwanja wa hekalu, kando ya bwawa. Na baba wa kila upande atahutubia. Alisema "atahutubia" kama mtu anayesema "atakula".

Mke wangu Thoa akaniangalia. Tulikuwa tunaikumbuka harusi yetu wenyewe, miaka ishirini na sita iliyopita. Nilisimama, nikasema "Ndugu zangu", halafu basi. Watu wakangoja. Jogoo akawika. Mwishowe mjomba akanivuta kwa mkono wa shati, akanirudisha kitini kama anayerudisha ng'ombe zizini.

Sina kasoro nyingine. Kwenye kinu changu cha kukoboa mpunga, mashine ikinguruma, mimi ni msemaji hodari. Nasema kutwa nzima. Hakuna anayesikia neno.

Siku kumi na tisa. Lazima nitafute njia.

Alhamisi, 7 Machi

Njia ya kwanza: kupoteza sauti. Nimeamka nimeshika koo, mahitaji yangu nayaandika kwenye karatasi. Chai. Fulana. Chai tena. Thoa akaninywesha asali na ndimu, kijiko baada ya kijiko, bila kuuliza kitu. Huyo mwanamke ananitia wasiwasi asipouliza.

Mambo yalikwenda vizuri hadi saa nne. Toan akaja kunijulia hali. Wakati huohuo bata wa jirani wakavamia gunia la mpunga lililokuwa wazi. Nikawakemea. Niliwakemea vizuri sana, nikawataja na mama zao.

Toan akasema anafurahi kuona koo langu linapona haraka. Akaongeza kwamba hotuba yake imefika ukurasa wa tatu.

Jumapili, 10 Machi

Mvua ile nyembamba ya majira haya. Haianguki, inaelea tu. Nilipita bwawani asubuhi, ukungu umelala juu ya maji kama shuka, nikaona joka la mbao linatoka ndani ya ule ukungu, linageuza kichwa, linapuliza maji, linazama. Baada yake wakulima wawili wadogo wa mbao wakipanda mpunga. Hakuna mtu hata mmoja. Vitu vinatembea vyenyewe juu ya maji ya kijani. Nikasimama pale nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Hapo ndipo akili ikaniingia. Kundi la vikaragosi! Wachezeshaji wanasimama majini, nyuma ya pazia la mianzi, hawaonekani na yeyote. Na Diem amewaomba wacheze kwenye harusi. Mtu aliye bwawani hawezi kuwa jukwaani. Haiwezekani kabisa. Hata Toan ataelewa.

Nikamwendea Bi Nhai, muuza tofu, ndiye kiongozi wao. Zamani kundi lilikuwa la wanaume watupu. Siku hizi vijana wameenda viwandani na Bi Nhai anapokea yeyote mwenye mikono. Akaniuliza kama naogopa maji. Nikasema hapana, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Maji hayana macho.

Akanipa kipande cha mti wa mkuyu. Kila anayeingia huchonga kikaragosi chake.

Alhamisi, 14 Machi

Nachonga hurulaini. Wako watatu katika mchezo, na mmoja ameoza shingo, kwa hiyo wangu ndiye atakayechukua nafasi yake.

Tunakaa kwenye baraza la hekalu, mimi, Bi Nhai na Luong, aliyekuwa dereva wa trekta. Mvua inaelea. Vumbi la mbao linatushika nyusi. Hadi saa sita hurulaini wangu alikuwa amefanana kabisa na mama mkwe wangu siku ya kuchukua mahari. Nikamficha chini ya mguu. Luong akamwona, akacheka hadi akakohoa, kisha akamchukua na kumpunguza mashavu bila kuomba ruhusa. Bi Nhai akamrekebisha pua. Mimi nikamchonga kope. Akazunguka hivyo mkono kwa mkono, na jioni tulipompaka rangi ya kwanza, hakuna aliyeweza kusema ni wa nani. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayesikia jina lake kwa mbali.

Luong amenieleza kwamba alipoanza alikuwa na kigugumizi kibaya, na kwamba hata sasa kabla ya kila mchezo anatapika. Nikamwonea huruma. Maskini, kuwa na hofu ni kitu kibaya.

Nyumbani Thoa akasema amesikia kutoka sokoni kwamba leo nimeongea na watu mchana kutwa. Nikamwambia amekosea, nilikuwa nachonga.

Jumapili, 17 Machi

Nimeingia majini. Kabla ya hapo unakunywa kikombe cha mchuzi wa samaki, ule mweusi wenye chumvi, ili mwili upate moto. Nilikunywa viwili kwa sababu Luong alikunywa kimoja. Sitaeleza zaidi.

Maji yanafika kifuani. Baridi yake inaanza kama kisu, halafu inakuwa kama usingizi. Mti wa kuwachezeshea ni mmoja, mrefu, uko chini ya maji, na hurulaini watatu wako mwishoni mwake, ng'ambo ya pazia. Watu watatu, mimi, Bi Nhai na Luong, tunaushika pamoja. Ukivuta peke yako, hurulaini wanaanguka kifudifudi kama walevi. Nilivuta peke yangu mara sita. Mara ya saba nikachoka, nikaacha mikono yangu ifuate ya wenzangu. Kupitia mianzi nikawaona wakigeuka, mikono yao ikifunguka polepole, moshi wa udi ukipita kati yao. Sikujua tena mkono upi ni wangu. Nilitamani tusitoke.

Tuliimba pia. Wote huimba, mti hauendi bila wimbo. Katikati ya wimbo Luong akageuka akauliza ile sauti nene ni ya nani. Tukatazamana. Ilikuwa yangu.

Jumatano, 20 Machi

Thoa hakubali udhuru wa bwawa. Amesema baba wa bibi harusi atahutubia hata akiwa kisimani.

Vizuri. Nina njia bora zaidi. Nitahutubia kupitia hurulaini! Mimi nyuma ya pazia, yeye mbele, watu watasikia maneno na watatazama mbao. Bi Nhai akafikiri kidogo huku akikata tofu, akasema anaweza kuipangia hotuba nafasi baada ya joka. Kisha akasema Diem atakuwa anamtafuta baba yake. Nikamwambia atamsikia, inatosha.

Toan amefika ukurasa wa nne. Amenunua tai.

Jumapili, 24 Machi

Naandika mikono bado imekunjamana kwa maji.

Toan alisoma kurasa zote nne. Ilikuwa hotuba nzuri, lazima niseme, ingawa kikuza sauti kilipiga mluzi kwenye ukurasa wa tatu nami nikafurahi. Halafu ngoma, joka, moshi. Halafu hurulaini wetu watatu wakatoka, wakainama, nami nikaanza. Sauti ilitoka. Nikawakaribisha wageni, nikawashukuru wakwe, maneno yakaelea juu ya maji bila shida yoyote. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa mkoa.

Ndipo nikamwona Diem kupitia mianzi. Ameshuka ngazi za bwawa na gauni lake jekundu, amekaa kwenye ngazi ya mwisho, pindo linalowa. Hakumtazama hurulaini. Alitazama pazia.

"Baba," akasema, "toka nikuone."

Watu mia mbili wakageuka kutazama pazia. Maneno yakapotea, kama siku ile ya harusi yangu. Nikajua nimekwisha. Nilitaka kuzama, na bwawa lilikuwepo pale pale.

Nikasikia mti unasogea mkononi mwangu, kwenda mbele. Na mti ni mmoja. Akienda mmoja, wanaenda watatu. Bega la Luong lilikuwa linatetemeka kwenye bega langu kama injini ya trekta. Tukasukuma pazia, tukatoka kwenye mwanga, watu watatu waliolowa hadi shingoni, tukinuka mchuzi wa samaki, na hurulaini watatu wakitutangulia.

Sijui nilitazama wapi. Nadhani nilimtazama yeye tu.

Nikasema: "Diem, ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kinuni, unaniambia siri zako mashine ikinguruma. Ulidhani sisikii. Nilikuwa nasikia, mama. Zote."

Hiyo ndiyo hotuba yote. Nyingine niliisahau. Diem akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakicheka au yakilia, sikuweza kujua. Toan alikuwa anafuta macho kwa tai yake mpya. Thoa alisimama nyuma kabisa, hakupiga makofi, alinitazama tu kama anavyotazama mvua iliyochelewa.

Tulibaki majini kwa muda. Hakuna aliyetaka kuuachia mti.

Jumanne, 26 Machi

Kijiji kizima kinanisifu. Leo mwenyekiti wa ushirika ameniomba niseme maneno machache Jumamosi, kwenye ufunguzi wa ghala jipya. Nikakubali kabla hajamaliza. Hofu nimeimaliza, na nimegundua siri yake, ambayo ninashangaa watu hawajaigundua: ni maji. Mtu akiwa na maji kifuani hawezi kuogopa. Miaka ishirini na sita nimeteseka bure kwa sababu ya kusimama mahali pakavu.

Asubuhi nikaenda bwawani peke yangu kufanya mazoezi. Ukungu, utulivu, kila kitu kama kinavyotakiwa. Nikaingia hadi kifuani, nikafungua kinywa.

"Ndugu zangu," nikasema.

Halafu basi. Nilikaa pale robo saa nzima. Bata walinizunguka wakaondoka.

Sababu iko wazi. Maji yameanza kupata joto. Ni makosa ya majira, si yangu.

Bi Nhai alikuwa anapita ukingoni na vikapu vyake vya tofu. Akanitazama kitambo, akauliza kama ningependa yeye na Luong waje Jumamosi wasimame nami pale ghalani. Nikamshukuru sana. Nikamweleza kwamba sihitaji watu, nahitaji pipa. Nimeshalipima lile la kinuni. Nikichuchumaa, maji yananifika kifuani barabara. Kilichobaki ni kupata barafu.