Transfoma Yetu na Mzazi wa Muda

"Hivi umeme unajuaje njia ya kuja kwangu?" Jirani yangu aliwahi kuniuliza hivyo, nikamjibu kwamba wanaojua ni Mungu na watu wa umeme. Jumamosi iliyopita, kwenye benchi langu la kahawa, nikapata habari kwamba aliyebaki kujua ni Mungu peke yake.

Mtaa ulikuwa hauna umeme tangu juzi yake. Redio, mteja wangu tunayemwita hivyo kwa sababu hazimiki, akaja na jipya.

"Jamani, shirika la umeme limeingiza mtandao mzima kwenye kompyuta. Kila nguzo, kila transfoma. Taa ikizimika kwako, kompyuta inajua kabla hujashika kiberiti."

"Basi mimi inanifanyia makusudi," akasema Cheche, fundi wa kuchomelea. "Nimepiga simu, binti ananiambia, 'Mzee, kwenye mfumo wetu una umeme.' Nikamwambia, mwanangu, nimekaa gizani. Akasema, 'Mfumo unaonyesha uko kwenye mwanga.'"

"Kwa hiyo aliyekosea ni wewe. Nenda kaombe radhi."

"Usinitanie, Redio. Geti la chekechea limelala pale vipandevipande, na bila umeme siwezi kuliunga. Jumatatu watoto wanafungua, na malori yanapita mlangoni kama yanafukuzwa."

Macho yote yakamwendea Mtambo. Kijana huyu anafanya kazi chumba cha kompyuta cha shirika hilohilo. Siku hiyo hakuwa na zamu, yuko pembeni anakoroga kahawa ambayo sikuitia sukari.

"Mtambo, mwanangu," nikamwuliza, "hiyo kompyuta inaonaje?"

"Haioni, mama. Sisi ndio tunaiambia. Ni kama ukoo. Nyumba ni mtoto wa transfoma, transfoma ni mtoto wa laini kubwa. Tukishapanga huo ukoo, kuna programu inausoma, halafu inaandika programu nyingine zote yenyewe."

"Yenyewe?" Redio akadakia. "Na wewe mshahara unapewa wa kuisindikiza?"

"Wa kuangalia isikosee."

"Mbona imekosea na uko hapa unakoroga?"

Kijiko kikasimama.

"Haijakosea," akasema polepole. "Ile programu inakataa kifaa kisicho na mzazi. Na transfoma yetu hii, taarifa zake hazikuletwa. Hakuna aliyejua imeungwa laini gani. Siku ya mwisho ya kuingiza taarifa bosi kanisimamia mgongoni, skrini nyekundu tupu kwa makosa. Nikaipa mzazi wa muda, nikasema nitarudi kurekebisha."

"Mzazi gani?"

"Laini ya hospitali."

"Ile isiyozimikaga?"

"Hiyohiyo. Kwa hiyo hospitali ikiwaka, kompyuta inajua na sisi tunawaka. Haitumi fundi."

Cheche akashusha kikombe. "Yaani mtaa mzima tumelazwa."

"Tena wodi ya wakubwa," Redio akasema. "Shuka safi, chai ya asubuhi. Na bado unalalamika, huna shukrani wewe."

Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mtambo hakucheka.

"Si uibadilishe tu?" Cheche akamwuliza.

"Kubadilisha ni kugusa mara moja, kaka. Lakini mfumo unaonyesha nani aliweka yule mzazi wa uongo. Bosi leo asubuhi katangaza hakuna kosa hata moja. Na mkataba wangu unaisha mwezi huu."

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Tangu nianze kuuza kahawa pale sijawahi kumwona hivyo.

Nilidhani Cheche atawaka. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa upole, "Sikulazimishi, mdogo wangu. Una familia. Mimi nitamwambia mwalimu afunge kamba pale getini. Watoto wadogo, labda watasikia wakiambiwa wasiivuke."

Lori likapita, vikombe vikalia kwenye sinia.

Mtambo akatoa kitambulisho cha kazi mfukoni, akakivaa shingoni. Kahawa aliiacha ilivyo. Kwao ni upande wa kulia. Yeye akakata kushoto, kuelekea ofisi za umeme, na hakuaga mtu.