Viwiko Mezani

Jumatatu, 2 Machi
Nimeamua. Chumba kidogo ni changu. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kwetu kupita tu. Amepita mpaka amepigilia misumari ya kutundikia suruali. Mimi nakitaka chumba kile kwa cherehani yangu, nikome kuuza mapazia ya watu, nishone yangu. Mke wangu amechoka kutuamua. Kasema Jumapili tushindane: viwiko mezani, viganja vishikane, atakayelazwa mkono ahame.

Shida ni kwamba shemeji ni fundi wa kuchomelea mageti. Mkono wake ni paja langu.

Nimepitia jimu. Kocha kasema anayeanza afanye mara mbili kwa wiki, tena kidogo. Hata kidogo kinajenga msuli. Ukiongeza unapata zaidi, ila faida haiongezeki kwa kasi ileile, na msuli wenyewe unajengeka ukiwa umepumzika. Nikauliza itachukua muda gani. Miezi, kasema. Nimemshukuru. Hesabu yangu ni nyepesi kuliko yake: kama kidogo kinafaa, nikiimaliza miezi yote kesho nitafaidi yote.

Jumanne, 3 Machi
Nimeimaliza. Kazini niliaga kwamba naumwa jino. Nikanyanyua vyuma tangu jimu inafunguliwa. Kocha alinisihi nipumzike, mwisho akanificha vyuma. Nikanyanyua viti vyake.

Jioni mikono ilikuwa imevimba, shati limebana. Wakati wa kula shemeji aliniangalia mabega, kijiko kikamganda mkononi. Nikadokeza kwamba kuna mtu ananifundisha, lakini siruhusiwi kumtaja. Ameogopa. Hakuongeza chakula, na yeye huongeza siku zote.

Jumatano, 4 Machi
Mikono haikunjuki. Imejikunja kama nimebeba mtoto asiyeonekana. Mke wangu amenifunga vifungo na kunipigisha mswaki. Alijizuia kucheka mpaka alipofika jikoni.

Dukani mteja alitaka kuona pazia likiwa limetundikwa. Nikapanda ngazi, mikono ikabaki chini. Nikajaribu kulitundika kwa meno. Bosi wangu, tunayemwita Mama Pazia, akauliza kama hilo ndilo lile jino la jana. Mteja alicheka hadi akakaa. Alinunua mapazia mawili, kwa hiyo sijafukuzwa.

Ijumaa, 6 Machi
Mikono imekunjuka nusu. Nimechungulia uani. Shemeji ananyanyua geti. Geti zima la mteja, juu, chini, juu, chini. Mke wangu anasema hii ni jioni ya tatu, hapumziki hata kidogo. Nimefurahi kwamba namtisha. Kisha nikaliangalia lile geti vizuri, furaha ikapungua.

Mama mkwe naye alikuwa jikoni na madumu yake. Tangu aumie bega analala chumba cha watoto, na kliniki walimwambia anyanyue maji kidogo, mara mbili kwa wiki. Alianza na dumu dogo lisilojaa. Sasa ananyanyua kubwa huku akisubiri chai ichemke, kisha anaacha, anakunywa chai.

Akaniambia, "Mwanangu, ungeanza taratibu. Hata hili bega langu lilininunia mwanzoni."

Nikamjibu, "Mama, wewe una bega bovu. Mimi nina haraka."

Akanipa mkate. Ilibidi aninyooshee mpaka mdomoni.

Jumapili, 8 Machi
Mke wangu alisema anzeni. Tukaanza. Hakuna kilichotokea.

Nilidhani shemeji hajasikia. Yeye alidhani mimi sijasikia. Viganja vikatetemeka, jasho likadondoka, mikono ikabaki imesimama palepale. Kumbe geti limemmaliza. Alikuwa amekufa mikono kama mimi, tena zaidi.

Mama mkwe alikuwa amesimama na birika, anangoja meza. Akauliza kama chumba ni cha yeyote atakayeshinda. Mke wangu, bila kunitazama, akasema ni cha yeyote. Mama akaweka birika chini, akavuta kiti.

Alimlaza mwanawe kwanza. Mimi nilichelewa kidogo tu, kwa sababu alisimama kwanza kuwafukuza watoto wasigonge meza.

Akasema amechoka kupigwa mateke na wajukuu usingizini, akaomba funguo. Shemeji amehamia sebuleni, cherehani yangu barazani. Tulimbebea mama godoro sisi wawili. Kwenye kona likatushinda, akashika yeye upande wa mbele.

Jumatatu, 9 Machi
Mama mkwe ana huruma. Kasema baada ya miezi mitatu atarudia shindano, ila safari hii kwa kupanda ngazi za ghorofa, maana mikono yetu inamsikitisha. Katuasa tufanye kidogo kidogo, tupumzike, tuongeze polepole. Shemeji, mtu wa kudanganyika upesi, asubuhi alipanda na kushuka ngazi za baraza mara chache, akaenda kazini akipiga mluzi.

Mimi nimemwelewa mama vizuri zaidi. Nilipotoka kazini nimezipanda ngazi zote za jengo letu la duka, nikashuka, nikapanda tena, mpaka miezi mitatu ikaisha.

Naandika haya nikiwa nimeketi ghorofa ya juu kabisa. Miguu imekataa kusimama. Mlinzi amempigia mke wangu simu, naye kasema anamtuma mama yake, kwani ndiye atakayeweza kunishusha. Nasikia hatua zinapanda. Hazina haraka.

Shemeji bado hajui kwamba nimeshamwacha miezi mitatu nyuma.