Beti Ndani ya Mwavuli

Jumatano, siku ya nne ya mwaka mpya

Mzee Shuanzhu sauti imemkauka! Miaka kumi na tisa ameshika mwavuli mbele ya kundi letu la yangge, ngoma ya mwaka mpya, akiimbia kila mlango ubeti wa papo kwa papo. Leo anakwaruza kama jogoo mwenye mafua. Namhurumia. Kidogo. Nilijitolea kabla hajamaliza kukohoa. Mwenyekiti wa kijiji akasema haya, Maolin, utuzungushe milangoni keshokutwa, ukifaulu mwavuli ni wako mjini kwenye sherehe ya taa, siku ya kumi na tano. Maisha yangu yote nimecheza mkiani, nakula vumbi. Mwavuli huo nitaushika, liwalo na liwe.

Alhamisi, siku ya tano

Tatizo dogo. Sijui kutunga papo kwa papo. Mke wangu Cuixiang kanikumbusha mara tatu kabla ya uji, kisha eti nikamwombe Mzee Shuanzhu anifundishe. Nimwombe yule! Nimetunga beti kumi na mbili, mmoja kwa kila nyumba, kuanzia mashariki. Nimezibandika ndani ya mwavuli. Nitainua macho kama mtu anayeshushiwa maneno. Akili ni mali.

Ijumaa, siku ya sita

Aibu!

Nilisahau kuwa kiongozi akiinua mwavuli juu, ngoma hunyamaza. Kila nikichungulia, kimya! Wachezaji wakagongana. Tena mwavuli lazima uzungushwe, na maneno yakazunguka nao. Nikakaza meno.

Nyumba mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu wamefiwa majuzi, na yangge haipigi hodi penye msiba. Kundi likapita. Mimi, macho mwavulini, sikuona. Kuanzia hapo kila nyumba ikapata ubeti wa jirani yake. Maharusi wapya niliwaombea wajaze zizi vitoto vya nguruwe. Bwana harusi akashika ufagio. Bibi Lanxiu, mjane wa miaka themanini na miwili, mkunga wetu wa zamani, nikamtakia mapacha wa kiume kabla ya mavuno. Na kundi zima, kama ilivyo desturi, likaurudia mstari wa mwisho kwa sauti kuu.

Bibi alicheka hadi akakaa chini. Akauliza, sasa baba yao nani, wewe Maolin? Nikachungulia mwavulini; jibu halikuwamo. Cuixiang akaninyang'anya mwavuli, akauzungusha, akaimba:

Mapacha wa nini, Bibi, kijiji chote ni chako,
Sote tulilia kwanza ndani ya mikono yako.

Bibi akafuta machozi. Akamjaza Cuixiang tende nyekundu mifukoni. Mimi sikupewa hata kokwa.

Jumamosi, siku ya saba

Mwenyekiti kapita asubuhi. Mwavuli ni wa Cuixiang. Mzee Shuanzhu amepata sauti ghafla, ya kunicheka. Sikugusa chakula. Baadaye nilikigusa.

Jumapili, siku ya kumi na tano

Mjini. Taa kila mahali, watu wamefurika, na mke wangu mbele ya wote. Kila ubeti wake ulipigiwa vifijo. Nilijivuna mpaka nikalia, nakiri. Nililia mkiani, nikila vumbi, na upepeo wangu wa kuchezea mkononi.

Huko nyuma nilipata nafasi ya kutafakari kosa langu. Nimeliona. Kosa ni la mwavuli! Unazunguka mno, na ukiinuliwa ngoma inakufa. Upepeo je? Uko karibu na macho, na hauinyamazishi ngoma.

Nimekwisha kuandika beti nne za mwakani kwenye huo upepeo. Kuanzia mashariki.