Nyumba Yangu Yavishwa Koti la Theluji

Alhamisi, 2 Januari

Ushindi! Mama mkwe amepiga simu. Karamu ya Mkesha Mtakatifu, mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe 7, mwaka huu ni kwetu! Miaka yote huwa kwa shemeji yangu Myron, mwanawe kipenzi, mwenye nyumba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Sharti ni moja: nyumba iwe na joto. Eti mara ya mwisho alikunywa chai kwetu akiwa na glavu. Uzushi. Moja alivua.

Tanuri jipya la gesi, la kupashia nyumba joto, liko ndani ya boksi. Nitalifunga mwenyewe. Mabomba mawili matatu, nyaya kidogo, basi. Nimemwambia mke wangu Halya kwamba gesi ni kama maji, tofauti yake tu haimwagiki. Kachukua spana zangu zote, kazifungia ndani ya gari lake.

Ijumaa, 3 Januari

Kaja fundi gesi mwenye leseni, Delphine, na kibali chake. Kafunga, kapaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama gesi inavuja, kajaribisha. Mimi hata tochi sikupewa nishike.

Kisha akanisomea wajibu wa mwenye nyumba. Nibadilishe chujio la hewa. Nisirundike makopo ya rangi karibu na tanuri. Na yale mabomba mawili meupe yaliyotokeza ukutani nje, moja la kuvuta hewa na jingine la kutoa moshi, yasizibwe kamwe. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Akili ilikuwa kwa Myron.

Maana naye alipita. Kalipapasa tanuri langu kama anayenunua ng'ombe, kasema kwake watu hula wakiwa na fulana tu. Haya, tutaona.

Jumatatu, 6 Januari, mchana

Baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mji huu wa Winnipeg hauna mchezo. Ghafla nikamkumbuka babu! Kule shambani kila majira ya baridi alirundika theluji kuizunguka nyumba hadi dirishani, upepo usipenye. Na hakuna aliyeganda.

Nimechapa kazi na koleo mpaka mgongo ukalia. Juu yake nikamwaga ndoo za maji, kama tunavyotengeneza uwanja wa barafu. Imekuwa ngumu kama zege. Yale mabomba meupe nayo nimeyafunika vizuri, yalikuwa yanapeleka mvuke wa moto bure kwa jirani. Halya hajaona, yuko jikoni na perogi zake, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Mimi ni bingwa, sijui kwa nini watu hawaoni.

Jumatatu hiyohiyo, jioni

Wageni walifika wote. Kula bado, mila ni kusubiri nyota ya kwanza, na watoto walikuwa dirishani wakiitafuta. Tanuri likakohoa, likanyamaza. King'ora cha hewa ya sumu kikaanza kulia. Nikawaambia ni kitunguu saumu tu, nikapanda kiti nitoe betri. Halya akasema, “Gusa hiyo betri uone.” Sikugusa.

Akatutoa wote nje, mama mkwe na sufuria yake ya supu ya viazisukari vyekundu mikononi, akawaita zimamoto. Wakauvunja ukuta wangu wa barafu kwa mashoka. Kazi ya mikono yangu! Mkuu wao akauliza nani kayazika mabomba. Nikasema upepo. Myron alicheka mpaka akakaa kwenye theluji.

Hakuna aliyedhurika, ashukuriwe Mungu. Nyota ya kwanza niliiona mimi, kwani mimi ndiye niliyekuwa natazama juu kumkwepa mama mkwe. Karamu ikahamia kwa Myron. Iliniuma sana. Watu walikula wakiwa na fulana.

Jumanne, 7 Januari

Krismasi njema! Delphine kaja, kakagua kila kitu, kaliwasha tena. Karudia habari ya mabomba, safari hii polepole. Halya kasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimekubaliana naye, Myron kweli hasikii.

Lakini sikilizeni! Mama mkwe ana huruma. Kasema, “Mwanangu, Pasaka nakuja kwako, ila theluji nisiione karibu na hayo mabomba.” Nimemwapia. Sitayawekea theluji tena maishani mwangu, mimi ni mtu wa kusikia nikiambiwa.

Babu alipokosa theluji alitumia majani makavu na samadi. Tena samadi yenyewe ina joto lake! Nimeshampigia mkulima mmoja wa Gimli, nje ya mji, ataleta lori zima. Halya sijamwambia. Nataka afurahi kwa ghafla.