Mibofyo Sifuri ya Bi Harms

Halmashauri ya mji wa Brunkhausen ilitangaza, kwa furaha kubwa na nakala tatu, kwamba hatimaye kazi imepata kipimo: mbofyo wa kipanya. Anayebofya anafanya kazi. Asiyebofya hafanyi. Na asiyefungua programu hata moja ya kazi kwa miezi sita anahesabiwa ameshaacha kazi mwenyewe.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Wiebke Harms wa dirisha la nne, uandikishaji wa wakazi. Mibofyo yake ya mwaka mzima: sifuri. Alibakiza miaka miwili tu apate pensheni, na sasa alisimama mbele ya kamati.

"Bi Harms," alianza Mkurugenzi Detlef Oltmanns, "foleni yako inaisha saa nne asubuhi. Wenzako wanakwenda nayo mpaka jioni. Huoni hata haya?"

"Nabonyeza vitufe viwili, bwana mkurugenzi. Kinatokea kidirisha, naandika herufi mbili tatu za programu ninayoitaka, inafunguka. Kipanya cha nini?"

"Njia ya mkato!" kamati ilinong'ona. Mzee mmoja aliweka chini keki yake ya plamu.

"Mimi nimebofya mara laki mbili." Oltmanns aliinua kidole chenye bandeji, akapigiwa makofi. "Haya, tuonyeshe uchawi wako. Kwenye kompyuta yangu, kwenye skrini ya ukutani, kila mtu aone."

"Yako, bwana? Kidirisha hiki hutaja kwanza unachofungua mara nyingi."

"Vizuri zaidi! Waone mtu anavyochapa kazi."

Wiebke akabonyeza. Ukutani ikatokea: Mchezo wa Karata, mara 6,214. Programu za ofisi zilikuwa mkiani kabisa, na kila moja imeandikwa: haijawahi kufunguliwa.

Wiebke alibanwa na kicheko, akakimeza kwa ajili ya pensheni. Lakini kamati ya Brunkhausen haina upendeleo. Mwenyekiti aliisoma kanuni upya, akagonga muhuri.

"Bwana Oltmanns, kumbe ulishaacha kazi zamani. Mbona hukutuaga?"

Wiebke alirudishwa dirishani na onyo kali kwa kosa la kutobofya. Jumatatu Oltmanns alikuja kuchukua cheti cha ukaazi, maana watafuta kazi hudaiwa cheti hicho. Alibeba gazeti, mkate na chupa ya kahawa. Wiebke akabonyeza vitufe viwili, akaandika herufi tatu, akamkabidhi karatasi.

"Tayari? Ndiyo kwanza nafungua mkate!" alilalamika Oltmanns.

"Pole, bwana. Kama unataka kungoja, nenda dirisha la tano. Kule ndiko wanakofanya kazi."