Makato ya Bwana Fakihi

Kasimiri alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa aliposikia, ng'ambo ya njia, sauti ya mtu anayedhulumiwa. Wengine wakisikia sauti hiyo huona huruma. Kasimiri aliona riziki. Akamlipa muuza kahawa kwa ahadi, akaweka sawa tai yake, akasogea kusikiliza.

Ilikuwa Temeke, miaka ile sura ya Malkia ilipokuwa bado ngeni kwenye stempu. Kasimiri alitoka Masasi, na misheni ilikuwa imemfundisha Kiingereza cha kutosha kumtisha asiyekijua, na kichache mno kumpatia kazi kwa anayekijua. Basi alikula kwa ulimi. Wachuuzi wa Kariakoo walimkumbuka kwa kuwauzia nafasi za mbele katika foleni ambayo haikuwapo. Alikuwa na kofia ya pama, penseli sikioni, na uso wa mtu aliyetumwa na mkubwa fulani.

Mlangoni mwa nyumba ya vyumba sita alisimama mwenye nyumba, Bwana Fakihi, mtu mnene mwenye tasbihi mkono mmoja na pasi ya mkaa mkono wa pili. Tasbihi ilikuwa yake. Pasi ilikuwa ya mpangaji wake, Kokushubila, dobi wa kutoka Bukoba, aliyekuwa amesimama nje na mizigo yake juu ya mkokoteni, tayari kuhama.

"Ukuta nilikukabidhi mweupe kama kanzu ya Idi," alisema Fakihi.

"Nimeukuta na rangi ya samli, Bwana Fakihi."

"Sakafu nilikukabidhi ya saruji. Sasa ina mashimo."

"Mashimo nimeyakuta. Moja nilitaka kupandia mchicha."

"Na joto la pasi limekausha boriti."

"Boriti limekauka tangu lilipokatwa mwituni!"

Fakihi alifumba macho kama mtu anayemsamehe mwenziwe. "Mwanangu, mie sipendi kugombana. Amana yako imeliwa yote na ukuta, sakafu na boriti, na bado nakudai shilingi nne. Pasi itabaki hapa mpaka uzilete."

Akafunga mlango taratibu.

Mtaa mzima ulijua kwamba amana ikiingia kwa Fakihi haitoki. Kila mpangaji aliingia na miezi miwili ya kodi mkononi, na kila aliyehama alikatwa mpaka akaondoka na deni. Lakini kwa Kokushubila mambo yalikuwa mazito zaidi. Kinondoni alikuwa amepata chumba chenye baraza ya mbele, pahali pa kuweka meza ya kupigia pasi wateja wakaona. Mwenye chumba alimngojea mpaka Ijumaa tu, na kulikuwa na mwingine anayekitaka. Tena ndani ya mkokoteni kulikuwa na mashati ya makarani yaliyotakiwa kesho yakiwa yamenyooka. Dobi asiye na pasi atawaambia nini wateja wake?

"Pole, dada," ilisema sauti nyuma yake.

Kokushubila alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akaona viatu vimepakwa masizi badala ya rangi. "Wewe nani?"

"Mie ni mtu anayechukia dhuluma."

"Unachukia bure?"

"Chuki nayo inakula, dada. Nitakurudishia amana na pasi. Amana tutagawana nusu kwa nusu. Pasi yako yote."

Kokushubila alifikiri. Nusu ya kitu alichokwisha kukipoteza ilikuwa bado ni kitu, na ingetosha kumshika mwenye chumba wa Kinondoni asimpe mwingine. "Mie nifanye nini?"

"Kesho asubuhi rudi umuulize yale yale uliyomuuliza leo. Mwache ajisifu."

Asubuhi ya pili Kokushubila alipiga hodi, akalalamika upya, na Fakihi, ambaye hakuchoka kamwe kuieleza nyumba yake, alimpeleka chumbani kumwonyesha hasara. Ndipo Kasimiri alipoingia bila hodi wala salamu, shingoni ana futi ya fundi cherehani. Akagonga ukuta, akaweka sikio. Akapima dirisha, akaandika. Akapima upana wa mlango, akatikisa kichwa, akapima tena.

"Huyu nani?" aliuliza Fakihi.

"Endeleeni, bwana, msinijali," alisema Kasimiri. "Mie napima tu. Sakafu hii umesema ya nini?"

Fakihi hakuwa mtu wa kupunguza sifa mbele ya mgeni mwenye tai. "Saruji tupu, bwana! Ya kuletwa kwa meli!"

"Na ukuta?"

"Chokaa ya Unguja, mikono mitatu. Angalia sasa alivyouharibu."

"Boriti?"

"Mninga. Hata mchwa anauamkia shikamoo."

Kasimiri aliandika yote kwa huzuni, kama daktari anayeandika jina la ugonjwa usio na dawa. Kisha akafunga karatasi zake. "Hongera, Bwana Fakihi. Ndugu zangu wengi humu Temeke wana mabanda tu, lakini wewe una nyumba hasa. Utalipa kodi ya nyumba kama wenzio wa Upanga. Pamoja na ya miaka iliyopita, bila shaka."

Tasbihi ilisimama. "Kodi?"

"Saruji ya meli, bwana. Mninga."

Watu husema mwongo huhitaji kumbukumbu. Fakihi siku ile alihitaji kusahau, na alisahau haraka ajabu.

"Nani kasema saruji?" alipiga kelele. "Nilikuwa namtania huyu binti! Udongo huu, bwana mkubwa, udongo na mavi ya ng'ombe!" Akapiga sakafu kwa kisigino, kipande kikaruka. "Umeona? Na ukuta, chokaa gani? Tazama!" Akausukuma kwa bega, na ukuta, ambao haukuzoea kuguswa, ukamwaga donge zima la udongo juu ya kanzu yake. "Mbuzi wangu nilimtia humu akakataa kulala! Boriti ni mkoko, tena limeoza!"

"Kwa hiyo mie sikuharibu kitu?" aliuliza Kokushubila kwa upole.

"Uharibu nini, mwanangu? Utaharibuje kilichokwisha haribika?"

"Basi nipe pasi yangu. Na amana yangu."

Fakihi alimtazama Kokushubila, akamtazama mtu wa penseli. Penseli ilikuwa imeinuliwa. Akaingia ndani akatoka na pasi, na nyuma ya pasi zikaja noti zimekunjwa ndogo. Kokushubila alinyoosha mkono, lakini mkono wa Kasimiri ulikwisha kufika.

"Fedha yenye ugomvi hushikwa na ofisi kwanza," alisema.

Hilo halikuwa katika makubaliano, ila mbele ya Fakihi angesema nini? Kokushubila alibeba pasi akatoka. Nyuma yake Fakihi alimvuta Kasimiri pembeni ya mlango, akamtia noti nyingine kiganjani. "Ya chai, bwana. Andika banda. Tafadhali andika banda."

Kasimiri aliandika BANDA kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake, akatoka anapiga mluzi.

Kokushubila alimngojea njiani, karibu na bomba la maji la mtaa, walipojipanga akina mama na ndoo zao. "Lete," alisema.

"Nakuletea, dada yangu. Ila kuna makato madogo."

"Makato?"

"Kukodi futi. Kuchakaa kwa viatu. Wino."

"Umeandika kwa penseli!"

"Penseli nayo hunolewa, dada. Halafu kuna woga. Nimeogopa sana mle ndani. Je, akiita polisi? Woga ule nani ataulipa?" Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Nusu yako imebaki shilingi mbili. Na usinishukuru."

Damu ilimpanda Kokushubila usoni. Kudhulumiwa na Fakihi alikwisha kuzoea, maana Fakihi hakujifanya rafiki. Huyu alikuja na neno pole mdomoni. Aliitazama pasi mkononi, akaipima uzito, na Kasimiri akarudi hatua nyuma. Lakini wakati huo huo baiskeli iligeuka kona, na juu ya baiskeli alikuwa Jumbe Mfaume, mkuu wa mtaa, mzee mwenye koti la kaki na sauti ya kuamsha wafu. Kokushubila aliishusha pasi. Akavuta pumzi, akapiga kigelegele kikapaa hadi ng'ambo ya mtaa.

"Jamani, njooni! Njooni mumwone ofisa wa haki! Amempima Bwana Fakihi, na amana zetu hizi hapa mkononi mwake! Anazigawa!"

Ndoo zilitua chini. Foleni ya maji, iliyokuwa na subira tangu alfajiri, ilipoteza subira. Mbele alikuja Yuliana, mama wa watoto wengi, aliyekatwa amana yake yote kwa sababu kilio cha mtoto kilitia ufa dirishani. Nyuma yake alikuja Romani, mchonga vinyago, tezo bado begani, aliyekatwa kwa kelele za kuchonga. Na wengine walikuja kutazama tu.

"Shikamoo, Jumbe," alisema Kokushubila. "Huyu ndiye bwana niliyekuwa namsema. Mwulize mwenyewe kama si ofisa."

Jumbe alishuka baiskeli. "Ni kweli, bwana? Wewe ni ofisa?"

Kasimiri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Masasi akapima neno kabla ya kulitoa. Akisema siye, Jumbe angemfunga kamba pale pale. Akisema ndiye, mikono ilikwisha kunyooshwa. Aliitazama ile mikono. Aliitazama tezo ya Romani.

"Ndiye," alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Basi anza na huyu dada," alisema Jumbe.

Alianza na huyo dada. Amana ya Kokushubila ilitoka yote, bila makato, mbele ya macho ya mtaa. Kisha akapewa Yuliana, kisha Romani, na noti ya chai ilipokwisha, Kasimiri akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, mfuko ambao mpaka siku ile ulikuwa wa kuingilia tu. Akina mama walimwombea dua. Kila dua ilimchoma.

Kelele zilimtoa Fakihi nje, kanzu ingali na udongo. Aliiona noti yake mkononi mwa mchonga vinyago, na akaitambua, maana noti zake alizijua kama mtu anavyowajua wanawe. "Hiyo!" alisema. "Hiyo ni..."

"Ni nini, Bwana Fakihi?" aliuliza Jumbe.

Hongo, lilitaka kusema koo la Fakihi. Akalimeza neno, likashuka kwa taabu. "Ni haki yake," alisema. "Ahsante serikali."

Jumbe Mfaume alifuta macho. Alikuwa mtu mwepesi wa machozi. Akamshika Kasimiri mkono kwa mikono yake miwili, na ilikuwa mikono mikubwa. "Bwana, tangu nizaliwe sijaona mtumishi anayerudisha fedha. Sasa hivi mie na wewe tunakwenda bomani. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, lazima akupe mkono yeye mwenyewe, na jina lako liandikwe."

Kasimiri alikubali kwa kichwa. Akaomba tu kwanza aende chooni.

Walimwonyesha choo cha uani kwa Fakihi, wakamngojea kwa heshima. Walingoja mpaka akina mama wakarudi kwenye ndoo. Romani alikwenda kubisha, akarudi na kofia ya pama. Nyuma ya choo, ukuta wa makuti ulikuwa na tundu la kadiri ya mtu, na kwenye mti wake mmoja kilining'inia kipande cha suruali.

"Msimfuate," alisema Jumbe, akiipokea kofia ile kwa mikono miwili. "Wenye haki hawapendi kusifiwa."

Kokushubila aliinamia mkokoteni wake, akafunga kamba zilizokwisha kufungwa, mpaka kicheko kilipompita. Kisha akaipakia pasi juu ya mashati ya makarani na kushika njia ya Kinondoni.

Fakihi alibaki uani peke yake, anatazama tundu. Kuti zima limekwenda, na kamba zake, na mti umepinda. Akageuka huku na huku kutafuta wa kumkata. Hapakuwa na mtu. Akainama, akaokota kuti, akaanza kuziba.