Sola Yangu ya Pumba

Jumatatu, 4 Machi

Utajiri umenikuta nimeinamia cherehani. Mtaalamu mmoja redioni anasema majivu ya pumba za mpunga yana kitu kinachoweza kutengenezea sola. Sola! Kwa pumba! Mengine yalimezwa na kelele za cherehani, lakini mwenye akili haambiwi mara mbili. Mke wangu, aliyekuwa akikata kola, anadai mtaalamu alitaja pia tanuri, dawa kali, maabara na miaka. Nikamwambia hivyo ni vitisho vya kuwafukuza washindani. Akasema kama mradi ni wa pumba, basi mtaji ninao tangu kuzaliwa, ila nisisahau mashati meupe arobaini ya shule. Yanatakiwa Ijumaa. Mwalimu mkuu ameapa tukichelewa tena, kazi ya sare inakwenda kwa fundi mwingine. Ijumaa! Siku nzima nne! Nitaangaza dunia na vifungo nitashona.

Jumanne, 5 Machi

Kwenye mashine ya kukoboa nikamkuta Fundi Simu, jirani yangu wa ukuta mmoja, anafunga gunia la tatu la pumba. Damu ikanichemka. Eti za kutandika kwenye banda la kuku. Kuku! Mtu anayefungua simu kwa bisibisi nyembamba kama sindano asijue siri ya sola? Nikamnong'oneza mwenye mashine kwamba kuku wakilalia pumba hunyonyoka manyoya. Akajibu kuku wake wamezilalia miaka kumi, na manyoya yao yanazidi nywele zangu. Nikaondoka na magunia mawili, kichwa juu.

Mashati niliyoshona leo: matatu. Moja halina mkono.

Jumatano, 6 Machi

Nimechoma pumba uani, ndani ya pipa. Sikujua zina moshi wa hasira namna ile. Wala sikujua mke wangu amemaliza mashati yote, akayafua kuondoa alama za chaki na kuyaanika kambani. Upepo ukageuka. Hata upepo una chuki binafsi.

Katikati ya wingu akatokea mama mkwe, kaja bila taarifa. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akaitikia marahaba baba, kisha akauliza kama ninauza mkaa wa rejareja na kama mwenye nyumba yupo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetwanga majivu, nikayakoroga na gundi ya mbao, nikayapaka kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, nilichokiazima kwa muda mfupi tu. Nyaya mbili, taa ndogo, jua la utosi. Taa kimya. Nikageuza kioo. Kimya. Nikakisifu. Kimya.

Ikabidi niende kwa Fundi Simu, nikamweleza kwamba kuna rafiki yangu ana tatizo. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaeleza taratibu kwamba majivu ni mwanzo tu. Lazima yasafishwe na kusafishwa tena, kwa moto na dawa ambazo mtaani hazipo. Kisha akasema, "Na huyo rafiki yako mwambie mkewe anauliza kioo chake kinarudi lini."

Wivu. Wivu mtupu.

Mke wangu na mama yake wamefua mashati mara tatu. Hawasemi nami. Wananisema, mbele yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu mkuu kafika saa nne kamili. Mashati thelathini na nane meupe pe. Mawili yamegoma, kijivu kama punda. Nikaona heri nimteke kwa sayansi kabla hajahesabu. Nikamwonyesha sola, taa inawaka! Akastaajabu kweli. Akakinga jua kwa mkono. Taa ikawaka. Akafunika kioo kwa kofia. Ikawaka. Akavua koti, akalitandaza juu yake. Ikawaka vilevile, tena kwa bidii.

Nikasema hapo ndipo ninapozipita sola za dukani: yangu haitegemei jua.

"Sola isiyotegemea jua?"

Akainua kioo. Betri nne za tochi, zimefungwa kwa utepe wangu wa kupimia.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu mkuu akauliza kama na mashati yanatumia betri. Mke wangu akamletea yote, akayaonyesha yale mawili bila kuficha, akaomba mpaka Jumatatu. Akakubaliwa. Ila kuanzia sasa, akasema mwalimu mkuu, kazi za shule atapatana na mama, si baba. Kwa dakika nzima nilijiona mdogo kuliko kifungo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshona mashati mawili mapya, mke wangu akikagua kila mshono. Kioo kimerudi dirishani. Gundi haitoki, kwa hiyo sebule sasa ina giza mchana kutwa. Fundi Simu kachukua pumba zilizobaki, na kuku wake hawajanyonyoka.

Baada ya chakula nikakalishwa kitako. Mama mkwe shahidi. Mke wangu akasema kwa upole, na upole wake unatisha, kwamba niahidi sitagusa pumba tena maishani. Nikaahidi. Mkono kifuani, machozi yananilengalenga. Mama mkwe akaniita mwanangu. Mimi ni mtu wa neno langu: pumba, basi.

Jioni nilipita kwa muuza karanga pale kona. Amekubali kunihifadhia maganda yote.